Kuunga Bomba Bila Moto

Kapalamsenga ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, kati ya mji wa Mpanda na mwambao wa Ziwa Tanganyika, na jina lake hutajwa zaidi panapozungumzwa shaba. Madini hayo ndiyo yaliyoleta huko mitambo, malori na watu wa mbali. Shaba ikishayeyushwa na kusafishwa viwandani, metali ya aina hiyohiyo hurudi vijijini ikiwa mirija myembamba nyuma ya friji ya dukani, ndani ya jokofu la chanjo la zahanati na kwenye kiyoyozi cha ofisi. Uimara wa mirija hiyo hautegemei shaba peke yake. Unategemea zaidi pale mrija mmoja unapokutana na mwingine, na ndiyo maana fundi akiitwa kutafuta mvujo huanzia kwenye viungio kabla ya kugusa kitu kingine. Kwa miaka mingi viungio hivyo vimefanywa kwa moto. Hoja yangu ni kwamba katika maeneo yaliyo mbali na miji mikubwa, zana za kuunga bomba kwa kulibana zinastahili kuingia katika sanduku la fundi kando ya moto, na mahali pengine badala yake. Kuokoa muda ni faida mojawapo, lakini sababu iliyo nzito kuliko zote ni kwamba kiungio cha kubana kinaweza kukaguliwa papo hapo, kwa macho au kwa kipimo kidogo cha mkononi, na mtu asiye na maabara wala shahada.

Tuanze na namna kazi yenyewe inavyofanyika. Ncha mbili za bomba huingizwa ndani ya kipande kifupi cha bomba pana kidogo, yaani soketi. Kisha soketi hiyo hubanwa kwa nguvu kubwa kiasi kwamba metali yake inavuka kikomo cha kunyumbulika. Haiwezi tena kurudi umbo lake la kwanza. Bomba la ndani nalo huminywa kidogo, nalo hujaribu kurejea lilivyokuwa, lakini soketi iliyokwisha kulilalia hailipi nafasi. Msukumano huo wa bomba likitaka kutanuka na soketi ikilizuia ndio unaoziba njia ya gesi au mafuta, na haukomi fundi anapoondoka. Katika aina nyingine, soketi haibanwi kutoka pande zote kwa mara moja, bali pete mbili za chuma zenye tumbo la mteremko husukumwa kutoka nje kuelekea katikati, na kila zinavyosogea ndivyo zinavyoikaza soketi. Pete hizo hubaki zimenyooshwa kidogo, na kwa sababu hiyo zinaendelea kubana miaka yote. Iko pia aina ya tatu ambayo bomba hutanuliwa kwa ndani, kwa magurudumu madogo yanayozungushwa, mpaka likajaa mifereji iliyochongwa ndani ya soketi.

Zana za kazi hii zinatofautiana kwa ukubwa. Kwa mirija ya friji kuna koleo lenye mikono mirefu na taya za kubadilishwa kulingana na kipenyo. Mtu hulifunga kwa nguvu za mikono yake tu. Kwa mabomba ya chuma cha pua na ya mitambo mizito kuna kichwa chenye taya kinachosukumwa na pampu ya mafuta ya mkono au ya mguu, na shinikizo ndani yake hufika bar 700. Lakini ubora wa kiungio huamuliwa kabla taya hazijafungwa. Bomba linatakiwa kukatwa kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno, ili ncha iwe mraba. Makali ya ndani na nje yaondolewe, bomba lifutwe mafuta na vumbi, na mikwaruzo inayokwenda kwa urefu wa bomba isuguliwe mpaka ipotee, kwa sababu mkwaruzo wa namna hiyo ni mfereji ambao gesi itaufuata chini ya soketi. Kisha bomba huwekewa alama kwa kalamu, ili ionekane kama limeingia vya kutosha. Aina fulani hupakwa kwanza tone la gundi inayoganda inapokosa hewa, nayo hujaza vijitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni mtindo mpya wa viwanda vya mbali. Ziwa Tanganyika lina ushahidi tofauti. Meli iliyokuja kuitwa Liemba iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikavunjwavunjwa vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha mpaka Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli mpaka Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Kwa miongo kadhaa ilikwenda kwa mvuke, ikipita bandari za mwambao, Karema ikiwamo. Sasa, katika boila za mvuke za zama hizo, ziwe za meli au za garimoshi, mabomba yanayopita ndani ya maji hayakuchomelewa kwenye bamba la chuma yanakoishia. Ncha ya kila bomba ilitiwa ndani ya tundu la bamba, kisha fundi akaingiza kifaa chenye magurudumu na kuitanua mpaka ikashikana na tundu. Hakuna moto, hakuna risasi, hakuna gundi. Viungio vya namna hiyo vilibeba maji yanayochemka na mvuke wenye shinikizo, na garimoshi zilizovuta mabehewa nchini zilitegemea njia hiyo kila siku. Kwa hiyo mtu anayesema metali iliyominywa bila kuyeyushwa haiaminiki anabishana na zaidi ya karne moja ya kazi.

Ushahidi wa pili uko angani. Katika ndege za abiria, mafuta ya haidroliki yanayosogeza magurudumu na sehemu za mabawa zinazosogea hupita kwenye mirija kwa shinikizo ambalo kwa kawaida ni bar 207, na katika ndege kubwa ya Airbus A380 hufika bar 345. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 au zaidi kidogo. Mirija hiyo huunganishwa kwa wingi kwa soketi za kubanwa, na ikiharibika hutengenezwa kwa njia hiyohiyo ikiwa bado ndani ya ndege, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwasha moto karibu na matangi ya mafuta na nyaya. Ndege ya kivita ya Marekani F-14, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1970, ilikwenda mbali zaidi: soketi zake zilikuwa za mchanganyiko wa nikeli na titani unaokumbuka umbo lake. Zilipozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, zikatanuliwa, zikavalishwa kwenye mirija, na zilipopata joto la kawaida la hewa zikajikaza zenyewe. Taya hazikuhitajika, lakini kanuni ilikuwa ileile.

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo naona halitiliwi mkazo wa kutosha. Kiungio cha moto kinaweza kuwa imara sana, pengine imara kuliko bomba lenyewe, lakini uimara wake umefichwa. Kwa nje linaonekana tuta zuri linalong'aa. Ndani huenda kuna pengo, kuna povu, au dawa ya kulehemu haikuzunguka bomba lote. Kwenye mabomba makubwa ya mafuta na gesi, kama lile la kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, viungio vya kuchomelewa hukaguliwa kwa mionzi au kwa mawimbi ya sauti. Nani atapeleka mashine ya mionzi Kapalamsenga kukagua mrija wa friji? Huko, anayehakikisha ubora wa kulehemu ni fundi mwenyewe, kwa uzoefu wake na kwa jicho lake, na mteja anabaki na imani tu. Kiungio cha kubana kinasema wazi zaidi. Kama ni cha pete mbili, pete zisipofika mpaka kwenye kizuio cha katikati, kazi haijakamilika, na hata mwenye friji analiona hilo. Kama ni cha taya, kuna kipimo cha chuma chenye mdomo wa upana maalumu: soketi iliyobanwa sawasawa hupita ndani yake, isiyobanwa vizuri hukwama. Alama ya kalamu iliyowekwa mwanzo nayo inaonyesha kama bomba lilirudi nyuma. Kipimo hicho hakithibitishi kila kitu, maana mkwaruzo uliosahauliwa chini ya soketi hautaonekana, na jaribio la kuvuja kwa nitrojeni na povu la sabuni bado ni la lazima. Lakini kosa kubwa na la kawaida kuliko yote, la kubana nusu, linanaswa hapohapo. Kwa mahali ambapo kurudia kazi kunamaanisha safari nyingine ya Mpanda na gharama ya gesi mpya, uwezo huo una thamani kubwa zaidi kuliko ulivyo Dar es Salaam.

Kisha kuna suala la hatari, na hili limekuja na friji mpya. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliondoa gesi zilizoharibu tabaka la ozoni. Oktoba 2016, nchi zilikutana Kigali, Rwanda, zikakubaliana kupunguza pia gesi zilizochukua nafasi yake, kwa kuwa zinaongeza joto duniani. R134a, iliyojaa kwenye friji nyingi, ina nguvu ya kunasa joto takriban mara 1,430 ya kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 100. Watengenezaji wamehamia kwenye R600a, ambayo ni isobutani, yaani ndugu wa gesi ya kupikia. Kwa mazingira ni nafuu kubwa. Kwa fundi mwenye moto mkononi ni hatari, kwa sababu hewa yenye asilimia 1.8 tu ya gesi hiyo inatosha kushika moto. Majokofu mengi ya chanjo yanayotumia umeme wa jua, ambayo ndiyo yanayofaa zahanati zisizo na umeme wa uhakika, hutumia gesi hiyo. Fundi anaweza kuitoa yote akadhani amemaliza, lakini sehemu yake imeyeyuka ndani ya mafuta ya kompresa na huendelea kutoka polepole. Akiwasha moto kuunga mrija ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha, anafanya kazi juu ya kiberiti. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Jokofu likizimika, muda hauruhusu kulisafirisha mpaka karakana. Litatengenezwa pale lilipo, na hapo njia isiyo na moto ndiyo njia ya busara.

Moto una athari nyingine isiyo na kishindo. Mrija wa shaba ukipashwa joto la nyuzi 700 au zaidi bila kupitishiwa nitrojeni, hufanya magamba meusi ya oksidi kwa ndani. Magamba hayo husafiri na gesi mpaka kwenye mrija mwembamba kuliko yote, ule unaopunguza shinikizo, na kuuziba. Friji inapoa wiki mbili, kisha inaacha, na lawama huangukia kompresa. Isitoshe, watengenezaji wengi sasa hutumia alumini mahali pa shaba ili kupunguza gharama. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, alumini kwenye 660, na kuziunga mbili hizo kwa moto nje ya kiwanda ni kazi inayomshinda hata fundi hodari. Soketi ya kubana, ikiwa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya jozi hiyo ya metali, huziunganisha bila shida.

Pingamizi la kwanza, na la haki, ni bei. Koleo zuri la kubania na seti ya taya zake hugharimu zaidi sana kuliko bomba la kulehemea, na kila kiungio kinahitaji soketi mpya iliyotoka nje ya nchi, ilhali fimbo ya kulehemu hutosha viungio vingi. Sikatai. Lakini hesabu ya moto mara nyingi huachwa nusu. Oksijeni na asetilini huja kwa mitungi mizito ambayo lazima irudishwe kujazwa. Mvua za Katavi zinapoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, barabara za vumbi hugeuka matope. Na kubeba mtungi wa asetilini juu ya bodaboda ni jambo ambalo halipaswi kufanywa na yeyote. Koleo linaingia ndani ya begi. Tena si lazima kila fundi awe na lake. Zana inayotumika mara chache kwa mwezi inafaa kumilikiwa na kikundi cha mafundi, au na idara ya afya ya halmashauri yenye majokofu mengi ya kutunza. Nikikubali hoja ya bei, naikubali kwa fundi mmoja mmoja; kwa taasisi yenye zahanati nyingi haina nguvu.

Pingamizi la pili ni kwamba kiungio hiki hakifunguki. Kikikosewa, hukatwa na kutupwa, na bomba linakuwa fupi. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hakifai kutumika pale panapohitaji kufunguliwa mara kwa mara. Huko nati na mdomo uliotanuliwa bado ni bora. Linalonitia wasiwasi zaidi ni vipimo. Soko letu lina mirija ya inchi na ya milimita bega kwa bega. Robo inchi ni milimita 6.35, na jirani yake ni milimita 6. Inchi tatu za nane ni milimita 9.52, na jirani yake ni 10. Kwa kulehemu, dawa hujaza tofauti hiyo ndogo na kazi inapita. Kwa kubana, tofauti hiyohiyo ni mvujo wa uhakika. Fundi asiyekuwa na kipima kipenyo hana sababu ya kununua koleo la kubania. Vilevile nisieleweke kwamba zana hii ni ya kila bomba: maji ya kijiji yapitayo kwenye plastiki, au kwenye chuma cha uzi, yana njia zake, na hayana haja nayo.

Mahali ambapo kubana kumekwisha kushinda bila mjadala ni kwenye mitambo ya migodi. Mipira ya haidroliki ya ekskaveta, ile myeusi yenye nyaya ndani, hufungwa ncha zake kwa kikombe cha chuma kinachobanwa na mashine yenye taya za duara. Mafuta ndani yake hupita bar 300. Hapa pia kuna kipimo: mtengenezaji hutoa jedwali la kipenyo ambacho kikombe kinatakiwa kubaki nacho baada ya kubanwa, na fundi mwaminifu hupima kabla ya kumkabidhi mteja. Asiyepima anacheza na mwili wa mwendeshaji. Mafuta yakitoka kwenye upenyo mdogo kwa shinikizo hilo hupenya ngozi na kusambaa ndani ya nyama. Kidonda kwa nje huonekana kidogo, mgonjwa hudharau, na bila upasuaji wa haraka anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Kufunga mpira wa namna hiyo kwa klipu za kawaida, ili shughuli zisisimame, ni kosa ambalo msimamizi wa mgodi mdogo au mkubwa hapaswi kulifumbia macho.

Wapo wanaohofia kwamba zana hizi zitaua ufundi: kijana atajifunza kufunga koleo, hatajua kulehemu, na zana ikiharibika atakaa bure. Nauheshimu wasiwasi huo, kwa kuwa kulehemu vizuri ni ustadi wa miaka na haupaswi kupotea. Ila ufundi haukai ndani ya mwali wa moto peke yake. Kukata bomba mraba, kutambua metali kwa rangi na uzito, kupima kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita, kusoma mkwaruzo kwa kucha, kujaribu kwa nitrojeni na kusubiri bila haraka: hayo yote ni ufundi, na kubana kunayadai kwa ukali kuliko kulehemu, kwa sababu hakuna dawa ya kufunika uzembe. Kijana wa chuo cha ufundi stadi cha VETA mkoani Katavi akifundishwa njia zote mbili, na akafundishwa kuchagua, atakuwa fundi kamili kuliko yule aliyefundishwa moja.

Kwa hiyo halmashauri inaponunua majokofu ya zahanati, iweke katika zabuni hiyohiyo koleo la kubania, taya za inchi na za milimita, kipima kipenyo, soketi za akiba na mafunzo ya mtu atakayevitumia. Kununua friji bila hivyo ni kununua nusu ya huduma. Na wewe uliye na friji nyumbani au dukani, kabla fundi hajawasha moto nyuma yake, someni pamoja kibandiko kilicho karibu na kompresa. Kikiwa kimeandikwa R600a, au R290 ambayo nayo ni gesi inayoshika moto, mwambie asiwashe, na mtafute fundi mwenye zana ya kuunga bila moto.